Air America Ilikufa kwa Kodi ya Masafa, Siasa Ilisingiziwa Tu

Tarehe 31 Machi 2004, saa sita mchana, mtandao wa redio ya mazungumzo ya mrengo wa kushoto ulioitwa Air America ulianza kurusha vipindi vyake kutoka New York. Wiki mbili baadaye ulikuwa umezimwa Chicago na Los Angeles. Serikali haikuhusika, na wasikilizaji hawakuwa wamelalamika. Aliyezima ni mwenye mitambo. Kampuni ya MultiCultural Radio Broadcasting, iliyokuwa imewapangisha masafa katika miji hiyo miwili, ilisema hundi yao imerudishwa na benki na kwamba inawadai kama dola milioni moja. Air America wakajibu kwamba hundi waliisimamisha wenyewe, kwa madai kuwa saa walizolipia Los Angeles zilikuwa zinauzwa pia kwa watu wengine. Wakapelekana mahakamani. Huku nyuma, msikilizaji wa Chicago ambaye ndiyo kwanza ameanza kuzoea sauti mpya akawa anazungusha redio yake na hazioni.

Niliwahi kuuza matangazo ya biashara katika redio moja ya Dar es Salaam ambayo mchana kutwa ilikuwa maneno: magazeti asubuhi, mjadala saa nne, michezo jioni. Ndiyo maana kisa cha Air America nimekifuatilia kuliko inavyomstahili mtu asiyepiga kura Marekani. Wanaokisimulia wengi hukifanya kisa cha siasa: kwamba mrengo wa kulia wa kule una kipaji cha redio, mrengo wa kushoto hauna, basi. Mimi nikiangalia hesabu zake naona mambo niliyokutana nayo mwisho wa kila mwezi. Kodi, mishahara, na wateja wanaolipa wakijisikia.

Kwa asiyeijua biashara hii, kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba mtandao wa vipindi vya mazungumzo unaweza kuwa hauna hata mlingoti mmoja. Unachotengeneza ni saa za maneno, na saa hizo zinahitaji stesheni za watu wengine ili zisikike. Ukitaka stesheni, ama uzinunue, ama upange muda wa hewani kama anavyopanga mhubiri wa Jumapili, ama uwape wenye stesheni kipindi bure wao wakuachie dakika kadhaa za matangazo ndani yake. Njia hii ya mwisho ndiyo iliyojenga redio ya mazungumzo ya Marekani kama tunavyoijua.

Aliyeitumia vizuri kuliko wote ni Ed McLaughlin, mtu aliyewahi kuiongoza ABC Radio. Mtangazaji wake alikuwa Rush Limbaugh, mtu wa mrengo wa kulia, aliyemtoa Sacramento na kumpeleka New York, na kuanzia tarehe 1 Agosti 1988 akawa anasikika nchi nzima. Mwaka mmoja kabla, tume yao ya mawasiliano, FCC, ilikuwa imefuta kanuni iliyozitaka stesheni zitoe nafasi kwa pande zote za hoja yenye ubishani. Kanuni hiyo hutajwa sana, na ni haki itajwe. Lakini mimi muuza matangazo jicho langu linakwenda kwingine. Miaka hiyo muziki ulikuwa umeshahamia FM, na stesheni za AM, masafa ya zamani yasiyofaa sana kwa muziki, zilibaki na mitambo mikubwa, wafanyakazi wachache na saa za mchana zisizo na kitu cha maana. McLaughlin akawaambia: chukueni saa hizi bila kulipa chochote, niachieni dakika chache kila saa niziuze mimi kwa makampuni ya kitaifa, dakika zinazobaki uzeni wenyewe mjini kwenu. Meneja wa stesheni iliyochoka atakataaje? Kipindi kilipopata wasikilizaji, ndipo stesheni zikaanza kutozwa fedha taslimu juu ya zile dakika. Kwanza bure, halafu lipa. Wauza mitandao ya simu wa kwetu wanaijua mbinu hiyo vizuri.

Ubaya wa njia hii ni kwamba inataka subira, na wakala wa matangazo hana subira. Ukimfuata na kumwambia una stesheni arobaini za miji midogo, atakuuliza: New York? Los Angeles? Chicago? Kama huna, yeye hana cha kumwambia mteja wake. Air America walitaka wawe wakubwa siku ya kwanza, kwa hiyo wakachagua kupanga. Kule New York walipanga WLIB, masafa ya 1190 AM, stesheni ya Inner City Broadcasting iliyokuwa sauti ya watu weusi na Wakaribi wa jiji lile. Wasikilizaji wa zamani walinuna, na sioni kwa nini wasingenuna. Umetoka kazini, unafungua redio yako ya miaka nenda rudi, unawakuta wachekeshaji wa televisheni wanabishana kuhusu Rais Bush.

Sasa piga hesabu. Kodi ya masafa inadaiwa mwezi ukianza, na mwenye stesheni hakusikilizi ukimwambia mteja wako hajalipa. Fedha za matangazo zinakuja nyuma, tena nyuma sana. Katika redio niliyofanyia kazi, mkataba na wakala ulisema siku sitini. Wakala alisubiri kampuni imlipe yeye kwanza, kampuni ilisubiri mhasibu wake arudi likizo, na tangazo lililorushwa wakati wa mvua za vuli lililipwa masika yakiwa yameshaanza. Watangazaji walikuwa wanakuja ofisini kwetu kuuliza mshahara kwa sauti ya utani, kisha bila utani. Nilikuwa nawaonyesha rundo la ankara tunazodai. Ukiziangalia karatasi zile ungesema redio ni tajiri.

Mtandao unaoanza unahitaji fedha ya kuvuka kipindi hicho, na hapa Air America walikuwa na tatizo ambalo watangazaji wao wenyewe hawakulijua. Iliaminika wawekezaji wameweka dola milioni 30. Gazeti la Wall Street Journal lilipochimba, likaandika kwamba zilizopatikana zilikuwa kama milioni 6. Mwenyekiti, Evan Cohen, pamoja na mwenzake Rex Sorensen, ambao kabla ya hapo walifanya biashara ya redio kisiwani Guam, waliondoka Mei 2004, mtandao ukiwa haujafikisha hata miezi miwili. Mishahara ilikwama. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba dola 875,000 zilitoka kwenye klabu ya watoto na vijana ya Gloria Wise, huko Bronx, ambako Cohen alikuwa na wadhifa, zikaingia Air America kama mkopo. Fedha zile zilirudishwa baadaye na wamiliki wapya. Lakini jaribu kuuza tangazo la sabuni wiki ambayo magazeti yanaandika kwamba mtandao wako ulikopa kwenye klabu ya watoto.

Palikuwa na mji mmoja ambako mambo yalikwenda kinyume kabisa na simulizi hii, na ndio unaonifanya niseme siasa imesingiziwa. Portland, jimbo la Oregon. Kule Air America hawakupanga chochote. Stesheni ya KPOJ ilivichukua vipindi vyao kwa makubaliano ya kawaida ya kubadilishana dakika, na wasikilizaji wakaongezeka haraka kiasi cha kuushangaza mji. Mwenye KPOJ alikuwa nani? Clear Channel, kampuni kubwa kuliko zote za redio nchini humo, iliyokuwa imefikisha stesheni kama 1,200 baada ya sheria ya mwaka 1996 kuondoa kikomo cha idadi ya stesheni ambazo mtu mmoja anaweza kumiliki nchi nzima. Clear Channel hiyohiyo, kupitia kampuni yake tanzu ya Premiere, ndiyo iliyokuwa inamsambaza Limbaugh. Walipoona namba za Portland wakageuza stesheni zao nyingine kadhaa kuwa za mrengo wa kushoto. Mkono wa kulia unauza Limbaugh, mkono wa kushoto unauza wanaomtukana Limbaugh, na fedha zinaingia mfuko mmoja.

Walichotoa, hata hivyo, mara nyingi kilikuwa makombo: stesheni za AM zenye nguvu ndogo, ambazo zilikuwa hazina kazi nyingine ya maana. Hesabu zilipobadilika, masafa yakabadilishwa. KPOJ yenyewe iligeuzwa kuwa ya michezo Novemba 2012, ingawa ilikuwa na wapenzi wake hadi siku ile.

Nije kwa wenye fedha. Oktoba 2006, mwezi uleule Air America walipoiomba mahakama iwakinge dhidi ya wadai, ulivuja waraka wa ABC Radio Networks uliotumwa kwa stesheni zake. Ulitaja wafanyabiashara karibu 90 ambao hawakutaka tangazo lao lisikike ndani ya vipindi vya Air America. Mashabiki wa mtandao ule waliuona ushahidi wa njama. Mimi sikuona njama. Niliwahi kuwa na orodha kama ile mezani kwangu, fupi zaidi, imeandikwa kwa mkono. Benki: tusiwekwe kwenye mjadala wa saa nne. Kampuni ya vinywaji: vivyo hivyo. Dada mmoja wa wakala, mtu mwema kabisa, alikuwa ananiambia, "Kaka, kipindi chenu nakipenda, nakisikiliza kwenye gari. Lakini bosi wangu akisikia jina la bidhaa baada ya mtu kumsema waziri, mimi nitajieleza kwa nani?" Alikuwa anakisikiliza kila siku. Hakukinunua hata siku moja.

Huu ndio ugumu ambao redio ya muziki haiujui. Kinachomfanya msikilizaji asibanduke, yaani ule moto wa maneno, ndicho kinachomkimbiza anayelipa. Na hauchagui upande. Mwaka 2012 Limbaugh alimtukana hewani mwanafunzi wa sheria, Sandra Fluke, aliyekuwa amezungumza mbele ya wabunge kuhusu bima na dawa za uzazi wa mpango, na wafanyabiashara wakakimbia kwa makumi. Wengine hawakuishia kwake, walijitoa katika vipindi vyote vya siasa, vya kulia na vya kushoto. Wanaobaki katika vipindi kama hivyo ni wale wanaotaka simu ipigwe papo hapo: wauza dhahabu, magodoro, virutubisho, msaada wa kodi za serikali. Wanalipa kidogo na wanapima kila kitu, na wiki simu zikipungua wanaondoka. Wetu walikuwa wauza viwanja vya Kigamboni na dawa za asili. Sina dharau nao, maana mshahara wangu ulitoka kwao. Ila ukiwa nao peke yao huwezi kulipa mwandishi wa kwenda kuchunguza jambo, na mjadala usio na mwandishi nyuma yake ni watu wanne wenye maikrofoni wanaosoma simu zao.

Gharama nyingine ni watangazaji wenyewe. Wimbo ukiununulia haki unaupiga mara elfu. Saa ya maneno ya leo kesho imechacha. Inabidi itengenezwe nyingine, na mtu yuleyule, kwa sababu msikilizaji amemfuata yeye wala hakufuata masafa. Kwa hiyo mtangazaji akishakuwa mkubwa, mtandao ndio unaomfanyia kazi. Limbaugh mwaka 2008 alisaini mkataba wa miaka minane ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 400. Air America hawakuwa na fedha za kumshikilia yeyote. Al Franken, nyota wao wa kwanza, aliondoka Februari 2007 kwenda kugombea useneta wa Minnesota, na akaupata. Kwenye orodha ya wanaowadai mahakamani naye alikuwemo, anadai zaidi ya dola 360,000. Rachel Maddow, ambaye nchi nzima haikuwa imemsikia kabla yao, alipata kipindi chake katika televisheni ya MSNBC mwaka 2008. Waliwakuza, wengine wakawachukua.

Kisa cha Marc Maron ndicho kinachonifurahisha zaidi. Mchekeshaji huyu alikuwa miongoni mwa watangazaji wao wa mwanzo. Walimwachisha kazi. Mwenyewe amesimulia kwamba mwaka 2009 yeye na mtayarishaji wake walikuwa wanaingia usiku katika studio za Air America, kwa kadi za mlango ambazo hakuna aliyekumbuka kuzifuta, na humo wakarekodi vipindi vya kwanza vya podikasti yao, yaani maongezi ya kusikilizwa kwenye intaneti. Mwaka 2015 Barack Obama, akiwa rais madarakani, alikwenda kuhojiwa katika gereji ya Maron, Los Angeles. Yaani biashara ya maneno iliyokuwa inakuja, ile isiyolipia masafa hata senti, ilizaliwa usiku ndani ya jengo la mtandao uliokuwa unakufa kwa sababu ya kulipia masafa. Na umeme ulikuwa wa mtandao.

Ombi la kufilisika la 2006 lilionyesha mali ya dola milioni 4.3 na madeni zaidi ya milioni 20, karibu nusu yake likiwa deni walilodaiwa na Rob Glaser, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kompyuta ya RealNetworks, aliyekuwa ameendelea kuwatilia fedha. Mwaka uliofuata ndugu wawili wa New York, Stephen na Mark Green, waliununua mtandao mzima kwa dola milioni 4.25. Tarehe 21 Januari 2010 ukatangaza unafunga. Stesheni nyingi zilizokuwa zinaupokea zilikuwa zimeshajipatia vipindi vya wasambazaji wengine, kwa hiyo katika miji mingi redio haikunyamaza hata dakika.

Kuna namba moja ninayopenda kuiweka pembeni ya hiyo milioni 4.25. WMAL ni stesheni ya mazungumzo ya Washington, mali ya kampuni ya redio ya Cumulus. Milingoti yake ya AM ilisimama kwenye ekari 75 huko Bethesda, Maryland, eneo lililozingirwa na nyumba za wenye nazo. Cumulus waliliuza shamba lile kwa kampuni ya ujenzi wa nyumba kwa zaidi ya dola milioni 70. Nyasi zilizokuwa chini ya mlingoti wa stesheni moja zilizidi mara kumi na zaidi bei ya mtandao wa nchi nzima pamoja na kila alichowahi kusema mtu ndani yake.

Na Cumulus wenyewe hawakuwa salama. Waliomba kinga ya mahakama Novemba 2017. Clear Channel, ambayo wakati huo ilikuwa imebadili jina na kuitwa iHeartMedia, ikafuata Machi 2018 na madeni ya dola bilioni 20, mengi yake yakiwa mzigo wa siku iliponunuliwa mwaka 2008 kwa fedha za kukopa. Hawa ndio walioshinda, wenye Limbaugh na milingoti yao wenyewe. Wasikilizaji hawakuwakimbia. Riba ndiyo iliyowakuta.

Huku kwetu mtandao kamili wa mazungumzo wa kibiashara ni kitu adimu, lakini mfano wake tumeishi nao miaka mingi bila kuuita hivyo. Stesheni ya mkoani inapojiunga jioni na DW au RFI Kiswahili, inafanya kile alichofanya meneja wa AM na McLaughlin: inapewa saa iliyotengenezwa vizuri bila kulipa, na yenyewe inatoa masafa. Tofauti ni kwamba nyuma ya saa hiyo hakuna muuza matangazo, kuna mlipakodi wa Ujerumani au Ufaransa. Nadhani hilo limetudumaza kidogo sisi wauzaji. Hatukulazimika kamwe kujua habari za dunia kwa Kiswahili zinagharimu shilingi ngapi kwa saa. Zamani angalau kadi za salamu zilinunuliwa na msikilizaji mwenyewe, na tangazo la msiba lililipiwa dirishani.

Halafu kuna gharama ambayo Air America hawakuwa nayo. Septemba 2009, wakati wa ghasia za Kampala, redio CBS ya Buganda ilifungwa, ikarudi hewani Oktoba 2010. Siku hizohizo zikapigwa marufuku ebimeeza, ile mijadala ya hadharani iliyorushwa mubashara ambako mtu yeyote alisimama akasema. Zaidi ya mwaka bila tangazo hata moja, huku mwenye jengo na benki wakiendelea kuhesabu. Hakuna jedwali la biashara nililowahi kuandaa lenye mstari wa jambo kama hilo. Meneja wetu alikuwa na njia yake: mjadala wa saa nne ukipamba moto anapita nyuma ya kioo cha studio na kusimama tu, bila kusema neno. Mtangazaji alimwelewa. Msikilizaji naye, nadhani, alisikia.

Machi 2025 Sauti ya Amerika ilizimwa kwa amri iliyotoka Washington, na stesheni zilizokuwa zinajiunga nayo zikabaki na pengo jioni. Rafiki yangu mmoja anasimamia vipindi katika redio ya mkoani. Alijaribu kwanza kuijaza saa ile kwa mjadala wa masuala ya mkoa: bei za mazao, barabara, hospitali. Simu zilipigwa mpaka laini ikazidiwa, mdhamini hakupatikana. Akaweka uchambuzi wa Simba na Yanga. Kampuni ya kubashiri ilileta mkataba kabla wiki haijaisha, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaniambia wamelipwa kabla ya kurusha.